Alama Kumi na Nane za Sabuni Namba Saba

Kamunyonge, Musoma
13 Januari 2024

Mpwa wangu Rafaeli,

Nakusalimu wewe, mkeo Justina na mama yako Marcelina, ambaye nasikia goti lake limepata nafuu. Mwambie dada yangu kwamba nafuu si ruhusa ya kurudi shambani kupalilia. Hapa kwangu hakuna ugonjwa. Bati la jikoni nimelibadilisha kabla ya mvua. Jirani amenunua jogoo asiyejua saa.

Sasa sikiliza. Kundi letu la kupima sabuni za kunyolea limekubali ombi lako la kujiunga. Clementi alipinga. Alisema mtu anayeishi Nyamuswa hawezi kushiriki kikao kinachofanyika kila Jumamosi kwenye baraza yangu. Nikamjibu kwamba wanafunzi wangu walifanya mtihani mmoja na wenzao wa nchi nzima, kila mtu kwenye dawati la shule yake, na hawakulalamika isipokuwa waliofeli. Paschal fundi cherehani akaniunga mkono. Kwa hiyo wewe ni mjumbe wa nne, na ndiye mjumbe pekee wa barua.

Kwa basi la Jumatatu utapokea kifurushi chenye vikopo saba vya dawa. Kila kikopo kina kipande cha sabuni kinacholingana na kidole gumba, na namba juu ya kifuniko. Majina anayajua Paschal peke yake, ambaye ndiye aliyezitafuta. Brashi na kishikio cha wembe tumia vile nilivyokupa siku ya harusi yako. Wajumbe wote tunatumia vya aina hiyo. Sabuni moja kwa siku moja, wembe mpya kila mara. Povu lina alama thelathini, utelezi wa wembe thelathini, hali ya ngozi baada ya kunyoa thelathini, na harufu kumi. Harufu nimeipunguzia kwa sababu Clementi akiachiwa huru huchagua sabuni kama mtu anayechagua mchumba.

Usinipigie simu kuhusu matokeo. Simu haina kumbukumbu, na wewe ukibanwa husema hukusema. Andika.

Ndani ya kifurushi mna furu wakavu wa mama yako. Vikopo ni vyako, samaki ni wake. Msibadilishane.

Mjomba wako,
Baltazar Mugeta


Nyamuswa, Bunda
4 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Pole na jogoo. Huku kwetu ni wazima wote. Pamba imeshika vizuri, ng'ombe wawili wamezaa, ndama wote majike. Duka la pembejeo linakwenda. Mama anakusalimu na anashukuru kwa furu, ila anasema wamefika wakinukia kinyozi. Amewala hivyo hivyo. Nilipomsomea yale maneno ya kupalilia alisema, "Balta alikuwaga hivyo tangu utoto. Hakupi kitu bila somo lake." Alikuwa ametoka kupalilia.

Nimemaliza sabuni zote saba. Karatasi ya alama nimeiambatanisha, lakini kwa kifupi: Namba 2 nimeipa themanini na nane, ni sabuni ya kifalme. Namba 4 sabini na moja. Namba 1, 3, 5 na 6 ziko kati ya hamsini na sitini na tano.

Namba 7 nimeipa kumi na nane.

Mjomba, hiyo Namba 7 si ya kunyolea. Nilizungusha brashi mpaka Justina akaniuliza kama nasonga ugali. Povu lilipanda kidogo, likafa. Usoni kikabaki kitu kama maziwa yaliyokatika, na kwenye bakuli utando wa kijivu ulionata hata kidole hakiuondoi. Wembe ulikwama shavuni. Nimejikata mara tatu, na pale dukani mteja mmoja ameniuliza kama paka wangu amechanjwa. Katika hizo kumi na nane, tisa ni za harufu, maana inanukia mchaichai kweli kweli. Zilizobaki nimetoa kwa huruma.

Wasalimie wajumbe.

Mpwa wako,
Rafaeli Keraryo


Kamunyonge, Musoma
18 Februari 2024

Mpwa wangu Rafaeli,

Salamu kwenu nyote. Hongereni kwa ndama. Mwambie mama yako nimeelewa kwamba alitoka kupalilia, na kwamba nimenyamaza kwa sababu ya umbali tu.

Barua yako niliisoma mbele ya wajumbe, na ilibidi nikae chini kabla ya kuimaliza. Sisi watatu tumeipa Namba 7 alama tisini na moja kwa wastani. Ndiyo ya kwanza. Povu lake ni zito, linasimama kwenye brashi hata ukiigeuza kichwa chini, na wembe hupita kama kasia majini. Clementi, ambaye mara ya mwisho alisifu kitu mwaka walipomstaafisha bandarini, alisema hajawahi kunyoa vizuri hivyo. Sasa anauliza hivi: "Huyo mpwa wako ananyoa, au anapara samaki?"

Paschal ametaja majina. Namba 2 uliyoiita ya kifalme imetoka Ureno. Namba 7 imetengenezwa Bukima na mama anayeitwa Wankyo, kwa mafuta ya ng'ombe na mawese, kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa tayari kumwandikia cheti. Alama zako kumi na nane zimeishusha sabuni yake mpaka nafasi ya pili, nyuma ya Wareno. Kanuni yetu haituruhusu kufuta alama za mjumbe mpaka yeye mwenyewe akiri kosa. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na sasa inanichoma.

Nimesema mbele ya wajumbe, na sasa naandika ili usije ukadai simu ilikatika. Masharubu yangu unayajua. Niliyaanza mwaka 1976 nikiwa mwalimu mpya Butiama, na hayajawahi kuguswa na wembe. Ikithibitika kwamba Namba 7 inaweza kumnyima povu mtu anayejua kushika brashi, nitayanyoa yote mbele ya mama yako. Ikithibitika kwamba kosa ni la mkono wako, utakuja Musoma siku saba kujifunza kunyoa mbele ya Clementi, naye hataombwa kunyamaza.

Mjomba wako,
Baltazar Mugeta


Nyamuswa, Bunda
3 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Tunaendelea vizuri. Justina amepata malaria kidogo lakini amepona na anapiga kelele kama kawaida.

Dau nimelikubali. Kwa haki nimeirudia Namba 7 mara tatu zaidi. Mara ya kwanza kwa maji ya moto. Mara ya pili kwa maji ya baridi. Mara ya tatu nilimpa Justina brashi, maana yeye ndiye mwenye mkono nyumbani humu. Alizungusha, akazungusha, akaangalia ndani ya bakuli, akasema, "Hii ungempelekea fundi azibe mabati." Kwa hiyo sasa tuko wawili. Mwambie Clementi aandae kioo kikubwa cha kukukabidhi siku hiyo, ujitazame mdomo wako kwa mara ya kwanza tangu 1976.

Nilimsomea mama barua yako. Alicheka sana palipoandikwa kwamba utanyoa mbele yake. Halafu akainuka. Akasema, "Masharubu ya Balta? Sara ndiye alikuwaga anayakata." Akaondoka kwenda kuangalia ndama. Mimi sikuelewa alitaka kusema nini. Nimekuandikia alivyosema.

Pasaka tunakwenda Butiama kwa ubatizo wa mtoto wa dada Jeska. Nitachukua brashi yangu na kile kikopo, nikanyoe vizuri kwa ajili ya picha. Hapana, nitachukua Namba 2 kwa ajili ya picha. Namba 7 nitawaonyesha tu mashemeji wacheke.

Mpwa wako asiye na wasiwasi,
Rafaeli


Kamunyonge, Musoma
21 Aprili 2024

Rafaeli,

Nawasalimu. Ni wiki ya saba tangu barua yako ya mwisho. Nimeuliza kituo cha basi kama kuna kifurushi kilichopotea; hakuna. Nimempigia simu mama yako, akasema u mzima, unakula, na kwamba mvua ni nyingi. Nilipomuuliza kuhusu sabuni aliniambia mtandao ni mbaya. Sauti yake ilikuwa inasikika vizuri kabisa.

Kuhusu alichosema juu ya Sara, marehemu mke wangu, hilo si suala la sabuni.

Ubatizo ulikwendaje? Je, ulijaribu Namba 7 kule Butiama? Jibu kwa maandishi.

Baltazar Mugeta


Nyamuswa, Bunda
28 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Samahani sana kwa kuchelewa. Mambo yalikuwa mengi. Ubatizo ulikwenda vizuri, mtoto anaitwa Yakobo, alilia padri alipommwagia maji na akanyamaza alipopewa keki. Jeska alipika pilau la watu mia, wakaja mia na hamsini, likatosha. Kwaya waliimba vizuri. Barabara ilikuwa na matope lakini tulifika. Turubai lilivuja upande wa mashemeji, nao hawakulalamika, ni watu wazuri.

Kuhusu sabuni, nimekosa. Mkono wangu ndio mbaya. Futeni alama zangu. Nitakuja Musoma kwa zile siku saba nikishavuna.

Mama anasalimu.

Rafaeli


Kamunyonge, Musoma
5 Mei 2024

Mpwa wangu Rafaeli,

Salamu kwenu, na hongera kwa Jeska. Nimefurahi kwamba pilau lilitosha. Umelieleza kwa ukamilifu ambao sabuni haikuupata.

Nimesahihisha mitihani kwa miaka thelathini na minane. Jibu lililotoka kichwani mwa mwanafunzi nalijua, na jibu lililonakiliwa pembeni nalijua pia. Mwezi Februari ulinieleza utando, rangi yake na jinsi unavyonata. Mwezi Machi ulirudia mara tatu, ukaleta shahidi. Sasa, kwa mstari mmoja, mkono ni mbaya. Mtu anayelijua kosa lake hulieleza. Wewe umelitangaza tu.

Wajumbe walishangilia. Clementi alitaka afute alama zako pale pale. Nikamnyang'anya kalamu.

Jana nililikalia jambo hili kama nilivyokuwa nikikalia hesabu iliyogoma. Sabuni ni moja, Paschal aliikata kipande kwa kipande mbele yangu. Brashi ni za aina moja. Wembe ni wa aina moja. Mkono wako si mzuri, lakini uliipa Namba 2 povu. Nilipoondoa vyote hivyo, kikabaki kitu kimoja ambacho hatukutumiana kwenye kikopo. Maji.

Rafaeli, mwaka 1998 ulikuwa unakaa kwangu, darasa la sita. Nilikuchapa viboko viwili mbele ya wenzako kwa kushindwa kueleza kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji magumu. Somo hilo nimelifundisha zaidi ya mara thelathini. Sisi hapa tunanyolea maji ya ziwa, ambayo ni laini. Wewe unanyolea maji ya kisima cha nyumbani kwenu, na mimi, mwalimu wa somo, sikuuliza hata mara moja. Namba 2 ilikutolea povu kwa sababu sabuni za viwandani hutiwa dawa ya kuyashinda maji magumu.

Lakini kudhani si kuthibitisha. Nitumie dumu moja la maji ya kisima chenu, lita ishirini. Kondakta atacheka. Mwache acheke.

Mjomba wako,
Baltazar Mugeta


Nyamuswa, Bunda
12 Mei 2024

Mjomba, shikamoo.

Huku salama. Dumu limepanda basi la leo, limefungwa kwa mpira na jina lako limeandikwa ubavuni.

Kondakta alicheka kama ulivyosema. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Hii ni nini?"

"Maji."

"Yanakwenda wapi?"

"Musoma."

"Musoma ya ziwani?"

"Ndiyo."

"Kwani ziwa limefanya nini?"

Nikamwambia ni ya mjomba wangu, ya utafiti. Mama mmoja aliyekuwa dirishani akauliza kama yameombewa. Kabla sijajibu kondakta akamwambia ndiyo, yanaotesha nywele. Kwa hiyo dumu likifika limepungua, ujue ni kwa sababu hiyo.

Mjomba, maji hayo ni ya kisima. Nimeyachota mwenyewe asubuhi. Ni ya kisima kabisa, yale yale tunayotumia kila siku. Ukiona povu limetoka, basi ujue ni mkono wangu, kama nilivyosema, na suala liishe.

Mpwa wako,
Rafaeli


Kamunyonge, Musoma
19 Mei 2024

Rafaeli,

Nakusalimu. Mama yako na Justina wasalimie pia, kama hawamo katika jambo hili. Kama wamo, wasalimie baadaye.

Dumu lilifika limejaa. Jana Jumamosi tulikaa watatu barazani. Nilimimina maji yako kwenye bakuli, nikalowesha brashi, nikaizungusha kwenye Namba 7 mara ishirini. Povu likapanda mpaka likamwagika. Clementi alipiga makofi. Paschal akaandika kwenye daftari, "Chanzo: mkono wa Rafaeli." Wakanipa mkono, mmoja baada ya mwingine. Clementi akayashika masharubu yangu, kitendo ambacho sikumruhusu, akasema, "Mmepona."

Mimi sikushangilia. Walipoondoka nilichukua maji yaliyobaki nikayabandika jikoni. Birika la mama yako nalijua. Ndani lina ukoko mweupe, mgumu, ambao ungeweza kuandikia ubaoni. Kisima hicho kimelipaka kwa miaka mingi. Basi nikachemsha maji yako kwenye sufuria mpya mpaka yakakauka. Nikaongeza mengine, yakakauka. Mara ya tatu pia. Kisha nikapitisha kidole chini. Sufuria ilikuwa safi kama nilivyoinunua.

Haya ni maji ya mvua. Umeyakinga kwenye bati lako, ukayatia kwenye dumu, ukaandika "ni ya kisima kabisa" kwa mkono ule ule niliouanzisha kushika kalamu.

Nimeibiwa mitihani, nimeibiwa chaki, mwanafunzi mmoja aliwahi kuniibia kengele ya shule. Lakini sijawahi kuibiwa kosa langu mwenyewe. Umenipa ushindi ambao sikuufanyia kazi, na umemwacha Paschal akiandika uongo kwenye daftari langu. Clementi ananiambia, "Achana nalo, mzee mwenzangu, umeshinda." Sitaachana nalo.

Kwa maji ya mvua nakupa sifuri. Sasa eleza sababu. Andika yote.

Baltazar Mugeta


Nyamuswa, Bunda
26 Mei 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nne. Justina amesema ya tano ataipeleka ilivyo.

Ni kweli, ni ya mvua. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine yafuate.

Siku ya Pasaka, kwa Jeska kule Butiama, niliamka mapema nikaenda na bakuli kwenye bomba la maji ya ziwa. Nilitaka kuwaonyesha mashemeji ile Namba 7 inavyokufa. Nikazungusha brashi. Mjomba, lilikuja kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Sikuwa hata nimefika mara kumi. Nikanyoa uso mzima bila mkwaruzo mmoja, nikabaki nimeshika wembe kama mtu aliyeona mzuka. Mashemeji walisubiri kichekesho mpaka wakachoka. Hapo hapo nikakumbuka vile viboko viwili. Hata mahali vilipotua nilipakumbuka.

Nilirudi Nyamuswa nikiwa na furaha isiyo na adabu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Nikamkuta mama jikoni anachambua mchele, nikamwambia, "Nimempata Mjomba." Nikaeleza. Yeye hakucheka. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Ukimpelekea hiyo habari atanyoa. Balta hanaga maneno mawili. Na yale masharubu ndiyo kitu cha Sara kilichobaki kwenye mwili wake. Kila Jumapili alikuwaga anamkalisha uani kabla ya misa, anayakata na kimkasi, wanabishana. Miaka yote. Unataka uje umnyoe hicho nacho, kwa ajili ya sabuni?"

Ndiyo maana sikukuandikia tangu Pasaka. Ndiyo maana nikasema ni mkono wangu. Ulipotaka dumu nilikwenda kisimani, nikalijaza kweli, nikalifikisha hadi barabarani. Nikarudi nalo. Nikaenda kwenye pipa la mvua.

Nilitaka kuandika hapa kwamba sikutaka kukuona umekosa, lakini Justina amesoma juu ya bega langu akasema, "Futa, huo ni uongo mwingine." Ni kweli. Nimesubiri miaka ishirini na sita kukuona umekosa, Mjomba, tena kwenye somo hilo hilo. Ila si kwa bei hiyo.

Lile dumu la kisima bado lipo hapa mlangoni, limefungwa. Silitumi bila kauli yako. Ukiniambia nilimwage, nitalimwaga, alama zangu zifutwe, na watu wa Nyamuswa tubaki na jina la kutojua kunyoa. Wewe ndiye utakayeamua.

Mpwa wako,
Rafaeli


Kamunyonge, Musoma
16 Juni 2024

Mpwa wangu Rafaeli,

Salamu kwenu wote, na asanteni kwa siku tatu za ukarimu. Mtama mlionipa umefika salama. Mwambie mama yako kwamba nimefika pia.

Barua yako sikuijibu kwa kalamu kwa sababu nilipanda basi. Paschal ameomba maelezo ya safari kwa ajili ya daftari la kundi, nami nimeyaandika, na wewe nakupa nakala, ingawa ulikuwepo. Mtu aliyekuwepo husahau kuliko aliyesoma.

Ijumaa tarehe 7 Juni, uani kwa Rafaeli Keraryo, Nyamuswa, nilichota maji ya kisima mwenyewe, kwa kamba, bila kusaidiwa. Nilitumia Namba 7 na brashi yangu. Nilizungusha mara ishirini, kisha arobaini, kisha mia. Povu halikupatikana. Utando wa kijivu ulipatikana, na unanata kama ulivyoelezwa. Mbele ya bakuli hilo nilitamka kwamba nimekosa. Marcelina akasema, "Basi umeona. Yaishe. Hakuna mtu wa Musoma hapa." Nikamjibu, "Nipo mimi." Akaniambia nimpe wembe, kwa kuwa mkono wangu si wa kuaminiwa siku hiyo. Justina akaleta maji ya mvua, akisema haki imeshatendeka na hakuna sababu ya kuchubuana. Masharubu yakanyolewa yote na huyo dada yangu mdogo, ambaye alifanya kazi hiyo akiwa amekunja uso mpaka alipofika katikati. Hapo akaacha, akacheka, akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Kumbe una mdomo wa mama." Mwisho wa maelezo ya daftari.

Kundi limekaa jana. Uamuzi ni huu. Alama zako kumi na nane hazitafutwa, kwa kuwa ni za kweli. Daftari limeongezewa safu mpya yenye kichwa "Maji", na Namba 7 sasa ina mistari miwili: ya kwanza kwa maji ya ziwa, ya mwisho kwa maji ya kisima chenu. Wankyo wa Bukima amepelekewa cheti kinachosema hivyo hivyo. Amejibu kwamba yeye alijua tangu zamani, wateja wake wa huko kwenu humlalamikia, na kwamba wanaume watatu wangeweza kumuuliza. Maneno ya Paschal kuhusu mkono wako nimeyakata kwa wino mwekundu. Clementi anaomba radhi, lakini si kwa maandishi.

Kwa maji ya mvua sifuri yako inabaki. Kwa sababu iliyokufanya uyatie, sina kipimo, na nimetafuta.

Sasa naandika jambo ambalo halitaingia kwenye daftari. Mama yako alikuambia kweli kuhusu Sara, ila alikuwa anaona kutoka upande wa pili wa ua. Aliona kimkasi. Aliona tunabishana. Hakusikia tulichobishania. Sara hakuyapenda masharubu yangu hata siku moja. Alisema yananifanya nionekane kama mtu anayekuja kukagua choo. Alisema yanakunywa uji kabla yangu. Kila Jumapili aliyakata akinisihi, "Baba Mugeta, niruhusu niyaondoe yote, nione nimeolewa na nani." Nami kila Jumapili nilimwambia kwamba mwaka 1976 nilitamka sitayanyoa, na mwanamume hageuki. Alinisihi hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipofariki nikaendelea kuyatunza, watu wakaona ni kwa heshima yake, nami nikawaacha waone hivyo.

Juzi nilikaa uani na kioo. Nilikaa muda mrefu. Ni uso wa kawaida tu. Angeweza kuuona bila gharama yoyote.

Yameanza kuota tena, na Clementi ananiuliza kila siku kama nitayafuga. Leo asubuhi kabla ya misa nimeyanyoa, kwa Namba 7 na maji ya ziwa. Povu lilikuwa zuri.

Mwambie mama yako habari hii. Mimi siwezi kumwambia kwa mdomo, hasa kwa huu mpya, ambao naona haujazoea kuficha kitu.

Mjomba wako,
Baltazar Mugeta